Haki ya Kuongoza Katika Kandanda

Jumapili alasiri, baada ya Misa na chakula, ziko nyumba nyingi za Wakristo katika nchi yetu ambamo baba, wana na majirani hukusanyika mbele ya televisheni kutazama kandanda ya Uingereza. Watoto huwajua wachezaji kwa majina kuliko wanavyowajua watakatifu wasimamizi wao, jambo ambalo si la kusifiwa, lakini ndivyo lilivyo. Katika uwanja ule huwaona vijana weusi wengi, tena hodari. Kisha picha hugeukia ukingoni, alikosimama mwalimu wa timu. Halafu hupanda juu, kwenye viti vya wenye klabu na wakuu wa halmashauri. Hapo rangi hubadilika. Mtoto akiuliza, "Baba, mbona wanaocheza ni weusi na wanaoamuru ni Wazungu?", baba atamjibu nini?

Tuanze na hesabu, maana pasipo hesabu maneno huwa ya hasira tu. Mwaka 2022 umoja wa wachezaji weusi wa Uingereza uitwao Black Footballers Partnership ulitoa taarifa iliyoonyesha kwamba katika kila wachezaji 100 wa Ligi Kuu, 43 walikuwa weusi. Lakini katika kila watu 100 wenye kazi za kufundisha na kuongoza timu, weusi hawakufika 5. Na katika viti vya juu kabisa, vya wakurugenzi na wenye mali, hawakufika 2. Tofauti kubwa namna hii haiwezi kuitwa bahati mbaya.

Wala si kwamba hawajapata kujaribiwa. Mwaka 1960 klabu ndogo ya Rochdale, iliyokuwa katika daraja la nne, ilimpa Tony Collins kazi ya umeneja. Naye ndiye mtu mweusi wa kwanza kushika kazi hiyo katika ligi ya Uingereza. Mwaka 1962 aliifikisha timu hiyo ya daraja la chini katika fainali ya Kombe la Ligi, ikashindwa na Norwich City. Angekuwa mtu mwingine, tendo hilo lingemfungulia milango ya klabu kubwa. Collins alikaa Rochdale hadi 1967, na baadaye akajulikana zaidi kama mtafuta vipaji: mtu wa kuwaona wachezaji wazuri ili wengine wawaongoze. Jicho lake lilikubalika. Uongozi wake haukuitwa tena na wakubwa.

Miaka ikapita. Mwaka 1997 Ruud Gullit, Mholanzi, aliiongoza Chelsea kulitwaa Kombe la FA, akawa meneja mweusi wa kwanza kupata kombe kubwa nchini humo. Mwaka 1999 John Barnes, mzaliwa wa Jamaika aliyeichezea Uingereza mara 79, alipewa ualimu wa Celtic ya Glasgow, klabu ambayo wasomaji wetu yafaa waijue, kwa kuwa ilianzishwa na Bruda Walfrid wa shirika la Wamarista ili kuwapatia chakula maskini Wakatoliki wa Kiayalandi mjini humo. Februari 2000 timu ilishindwa na klabu ndogo ya Inverness, Barnes akaondolewa. Hakupata timu nyingine ya kuongoza hadi mwaka 2008, alipoitwa na nchi yake ya kuzaliwa. Miaka minane!

Tuwe waadilifu. Barnes alishindwa kazini, na mwalimu anayeshindwa huondolewa, awe mweusi au mweupe. Paul Ince, Mwingereza mweusi wa kwanza kuwa meneja katika Ligi Kuu, alipewa Blackburn Rovers mwaka 2008 akafukuzwa Desemba ya mwaka ule ule, na matokeo yake hayakuwa mazuri. Hilo hatulilalamikii. Tunalolitazama ni lile lifuatalo baada ya kufukuzwa. Meneja Mzungu akianguka, mara nyingi husemwa kwamba amepata mafunzo; mwaka haujaisha, utamwona katika benchi la timu nyingine. Ince alifundisha klabu kadhaa za madaraja ya chini, lakini Ligi Kuu hakurudi tena kama meneja. Na Chris Hughton, mwana wa baba Mghana na mama Mwayalandi, hakuhitaji hata kuanguka: aliirudisha Newcastle katika Ligi Kuu mwaka 2010 kwa kushika nafasi ya kwanza, na Desemba mwaka huo huo akaachishwa, hali timu yake imo katikati ya msimamo wa ligi.

Hatusemi mlango umefungwa kabisa. Vincent Kompany, ambaye baba yake alizaliwa Bukavu katika Kongo, aliipandisha Burnley mwaka 2023, ikashuka mwaka uliofuata. Na hata hivyo Bayern München ya Ujerumani ikamwita, naye akaipatia ubingwa mwaka 2025. Hiyo ndiyo nafasi ya pili tunayoisema. Alipoipata, ilionekana alivyo.

Sasa tuyatazame mambo haya kwa mafundisho ya imani yetu. Mtume Yakobo katika waraka wake awakemea Wakristo ambao, akiingia mtu mwenye pete ya dhahabu na mavazi mazuri, humpa kiti chema, na maskini humwambia asimame kando. Mtakatifu Thoma wa Akwino aliichambua dhambi hiyo, akaiita upendeleo wa watu, na akaihesabu kuwa kinyume cha haki ya ugawaji. Maana yake ni hii: anayegawa cheo atazame yale yanayomfanya mtu astahili kazi ile, wala asitazame jambo lisilohusiana nayo. Rangi ya ngozi haihusiani hata kidogo na kupanga safu ya ulinzi. Nao Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulifundisha waziwazi kwamba kubagua watu katika haki zao za msingi kwa ajili ya rangi, taifa au hali yao ni kinyume cha mpango wa Mungu.

Lakini yatupasa kufahamu jinsi upendeleo huu unavyofanya kazi, kwa kuwa si lazima atokee mtu mwenye chuki. Mwenye klabu amfukuza mwalimu wake Jumatatu. Jumamosi kuna mechi. Hana siku za kutafuta. Ampigia simu rafiki yake, rafiki amtajia mtu amjuaye, na kufikia Alhamisi mkataba umetiwa sahihi. Hakuna aliyetamka neno baya. Ila marafiki wote wa mezani pale ni wa rangi moja, na mtu hutaja wale anaowajua. Ongeza juu ya hayo wazo la zamani kwamba mtu mweusi ana mbio na nguvu, bali akili ya mchezo ni ya wengine, wazo lililowafanya walimu wa zamani wawapange vijana weusi pembeni wakimbie, na kuwaweka wengine katikati waamue.

Jinsi wazo hilo lilivyo na mizizi ilionekana Novemba 2020, pale mwenyekiti wa chama cha kandanda cha Uingereza, Greg Clarke, alipowataja wachezaji weusi mbele ya kamati ya Bunge kwa neno la kale lenye kudhalilisha. Alijiuzulu siku ile ile. Wiki mbili tu kabla ya hapo chama chake kilikuwa kimetangaza kanuni ya kuwaingiza watu wa rangi zote katika uongozi, nazo klabu zilijiunga kwa hiari.

Dawa iliyosemwa zaidi ilitoka Marekani, katika mchezo wao wa mpira wenye umbo la yai. Mwaka 2002 timu zilikuwa 32, na walimu wakuu weusi wawili tu. Wanasheria wawili, Johnnie Cochran na Cyrus Mehri, walitoa taarifa ya kuonyesha kwamba walimu weusi hufukuzwa upesi na huajiriwa kwa shida. Kamati iliyoundwa kutafuta njia iliongozwa na Dan Rooney wa timu ya Pittsburgh Steelers, Mkatoliki wa asili ya Kiayalandi. Kanuni iliyoanza mwaka 2003, na kuitwa kwa jina lake, haikumlazimisha mtu kumwajiri mtu mweusi. Ilisema tu kwamba kabla ya kumwajiri mwalimu mkuu, lazima umwite katika usaili angalau mmoja wa wale waliokuwa wakisahauliwa. Mwaka ule ule mkuu wa timu ya Detroit alitozwa faini ya dola 200,000 kwa kuivunja.

Rooney mwenyewe aliitii kwa vitendo. Mwaka 2007 alimwita kijana mweusi wa miaka 34, Mike Tomlin, ambaye wengi hawakumtazamia, akampa timu. Miaka miwili baadaye Tomlin alitwaa ubingwa. Je, yamekwisha? La. Februari 2022 mwalimu mweusi Brian Flores aliishitaki ligi hiyo, akidai kwamba aliitwa kwenye usaili wa kutimiza kanuni tu, hali kazi imekwisha kupewa mwingine. Na siku zile Tomlin alikuwa mwalimu mkuu mweusi pekee aliyebaki katika timu zote. Kanuni yaweza kumleta mtu mpaka mlangoni, lakini haiwezi kumpa mwenye nyumba moyo wa kusikiliza.

Wako watakaosema: apewe anayestahili, na rangi isitajwe. Neno hilo ni zuri, nasi twalikubali. Lakini atajulikanaje anayestahili ikiwa hakuulizwa? Wengine husema wachezaji weusi hawasomei vyeti vya ualimu. Pengine ni kweli kwa baadhi yao. Basi na tufikiri: kijana gani atatumia miaka na fedha kusomea kazi ambayo hajaona wa kwao akipewa?

Sisi Wakatoliki twalijua vizuri neno "bado hawajawa tayari". Mapadre wa kwanza Waafrika wa Tanganyika walipewa daraja mwaka 1917. Mwaka 1919 Baba Mtakatifu Benedikto wa Kumi na Tano, katika barua yake Maximum Illud, aliwaonya wamisionari kwamba padre mwenyeji asilelewe ili awe msaidizi wa chini tu, bali ili siku moja aliongoze kundi la watu wake. Hata hivyo nchi hii ilingoja hadi 1952 ndipo Laurean Rugambwa akawekwa wakfu kuwa Askofu. Miaka minane tu baadaye alikuwa Kardinali. Tusiwanyoshee vidole wenye klabu za Uingereza kana kwamba jambo hili halikupita nyumbani mwetu.

Nalo bado lapita Afrika, tena mikononi mwetu wenyewe. Mwaka 2010 Kombe la Dunia lilipochezwa Afrika Kusini, timu 6 za bara hili zilishiriki, na mmoja tu kati ya walimu wao alikuwa Mwafrika, Rabah Saâdane wa Aljeria. Hapo hakuna Mzungu aliyetulazimisha. Vyama vyetu ndivyo vilivyotia sahihi. Mwaka 2022 huko Qatar, timu zote 5 za Afrika ziliongozwa na wana wa Afrika kwa mara ya kwanza, na Moroko ya Walid Regragui ikafika nusu fainali, mahali ambapo hakuna timu ya Afrika iliyopata kufika.

Mwalimu wa kigeni si adui, na mwenye ujuzi akaribishwe. Ila watazameni Kodivaa. Januari 2024, wakiwa wenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika, walifungwa 4–0 na Guinea ya Ikweta, wakamwondoa mwalimu wao Mfaransa, Jean-Louis Gasset. Wakubwa wa chama walituma ombi Ufaransa waazimwe Mfaransa mwingine, Hervé Renard, kwa mechi zilizobaki. Wakanyimwa. Ndipo walipomgeukia msaidizi, Emerse Faé, ambaye hakuwa amepata kuongoza timu ya taifa. Aliitoa Senegal iliyokuwa bingwa, akaitoa Mali, akaitoa Kongo, na tarehe 11 Februari akaifunga Nigeria 2–1 katika fainali. Siku zote zile, hata barua ya maombi ilipokuwa ikiandikwa kwenda Ufaransa, Faé alikuwa ameketi katika benchi lile lile.