Macho Yanawasha Kwenye Karakana ya Leza: Ni Moshi au ni Mwale?

Kijana aliyeiandikia safu hii kutoka Dar es Salaam anafanya kazi kwenye duka linalochonga beji, mihuri na majina juu ya vikombe vya chuma. Duka lina mashine mbili za leza: moja ya chuma, nyingine ya mbao, akriliki na ngozi bandia. Ikifika jioni macho humwasha na koo humkereketa. Mwajiri amewanunulia wafanyakazi miwani ya jua. Kijana anauliza kama inatosha, na kama macho yake yameshaungua.

Kinachomwasha yaelekea ni moshi. Hata hivyo asitulie, kwa sababu jeraha la leza ya chuma huenda lisiwashe kabisa.

Mashine ya chuma kwa kawaida hutoa mwale wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1,064 hivi, ambao macho ya binadamu hayauoni. Lile doa jekundu linalocheza juu ya kikombe kabla ya kazi kuanza ni taa ya kulengea tu. Kwa kuwa mwale wenyewe hauonekani, mtu hapepesi wala hageuzi uso. Unapenya konea, utando angavu wa mbele ya jicho, kisha lenzi ya jicho inaukusanya na kuuzidishia ukali takriban mara 100,000 kwenye retina, utando wa nyuma unaopokea picha. Retina haina neva za maumivu.

Mwaka 1977 jarida la Marekani la Laser Focus lilichapisha simulizi ya mtafiti aliyepigwa na mwale wa aina hiyohiyo, tena uliodunda tu kutoka kwenye kifaa cha maabara. Hakuwa amevaa miwani ya kinga. Alisikia mlio ndani ya jicho, na mara damu ikaanza kuelea mbele ya uoni wake. Kikombe kilichong'arishwa, pete na saa ya mkononi vinaweza kudundisha mwale vivyo hivyo.

Miwani ya jua haisaidii. Kioo chake cheusi hufanya mboni itanuke, na mwale ukapata njia pana zaidi ya kuingilia. Miwani ya leza huandikwa namba kwenye fremu au kioo: urefu wa wimbi inaouzuia, na kiwango cha OD. OD 6 maana yake inapitisha sehemu moja tu kwa milioni. Mashine ya mbao, inayotumia gesi ya kaboni dayoksaidi, hutoa mwale wa nanomita 10,600 unaounguza konea, hivyo ina miwani yake. Anayebadilisha mashine bila kubadilisha miwani hana kinga.

Sasa moshi. Ngozi bandia nyingi hutengenezwa kwa plastiki ya PVC, na ikiunguzwa hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, ambayo ikikutana na unyevu wa macho na koo hugeuka asidi. Gesi hiyohiyo huzitia kutu reli za mashine. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi. PVC ikataliwe kabisa, hata mteja akilalamika, na moshi wa vitu vingine uvutwe kwa feni na bomba hadi nje ya jengo.

Wakati wa matengenezo, kinachoweza kuua papo hapo ni umeme. Bomba la kioo la mashine ya mbao huendeshwa kwa volti 20,000 na zaidi, na chaji inaweza kubaki ndani hata baada ya kuzimwa. Fundi achomoe plagi, ufunguo autie mfukoni mwake, na asubiri muda uliotajwa kwenye kitabu cha mashine kabla ya kugusa waya. Wapo wanaoidanganya swichi ya mlango kwa sumaku ili mashine ifanye kazi ikiwa wazi. Huko ni kuondoa ukuta pekee uliopo kati ya mwale na macho ya kila aliyemo chumbani.

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na vifaa kinga ni jukumu la mwajiri. Kijana ana haki ya kudai miwani sahihi.

Kuhusu macho yake, daktari wa macho ampanue mboni na kukagua retina. Kijana akiona doa jeusi katikati ya anachokitazama, au mistari iliyonyooka ikaonekana imepinda, aende hospitali siku hiyohiyo, akiwa ameandika aina ya mashine, nguvu yake kwa wati na urefu wa wimbi.