AHMAD BIN MAJID, MALIMU WA BAHARI
Somo la ilimu ya nyota kwa msafiri wa bara

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Amma baad. Mtu wa pwani apandapo bara hatta Loliondo, katika wilaya ya Ngorongoro, hukuta mengi asiyoyazoea: baridi ya nchi iliyo juu kiasi cha mita 2,000, ng'ombe wa Wamasai, na mbingu za usiku zilizo safi mno. Lakini huja na jambo moja la kwao bila ya kulifikiri, nalo ni kibla. Kwetu Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, Makka iko kaskazini hasa au karibu yake sana. Basi mtu huyu hufika Loliondo akaelekea kaskazini vile vile. Na Loliondo iko magharibi ya Makka kwa daraja 4 na zaidi, na kibla yake ni kaskazini pamoja na kupinda mashariki kadiri ya daraja 10. Mwenye kufuata kaskazini tupu kutoka hapo atafika nchi ya Sudani, ng'ambo ya Bahari ya Sham, mbali na Makka kwa kilomita 400 na zaidi. Na kauli iliyotegemewa katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi ni kuikabili Alkaaba yenyewe, wala si upande wake tu.

Katika jambo hili yuko mtu wa kumsikiliza, naye ni Sheikh Shihabuddin Ahmad bin Majid, rahimahullah, wa Julfar, nchi ya Ghuba, aliyeishi katika karne ya tisa ya Hijra. Baba yake na babu yake walikuwa marubani, na baba yake alitunga urjuza ya beti zaidi ya 1,000 juu ya Bahari ya Sham. Mwana naye aliufuata mwendo huo akawapita. Katika mwaka 866 (1462) alitunga Hawiya, na mwaka 895 (1490) akaandika Kitabu cha Fawaid, chenye milango 12, ambacho ndicho kikubwa cha vitabu vyake. Alitunga vile vile urjuza juu ya kujua kibla katika nchi zote, na nyingine juu ya njia ya Sofala, ambayo ni njia ya pwani yetu hii.

Fikiri kwa nini alitunga mashairi. Baharia hana meza wala taa. Usiku wa tufani hawezi kufungua kitabu. Lakini beti zilizo moyoni huja zenyewe ulimini. Maulamaa wa falaki kabla yake waliandika kwa ajili ya wafalme na wanavyuoni wenzao. Huyu aliichukua ilimu ile ile akaitia katika kinywa cha mtu wa kamba na tanga. Kwa rai yangu, fadhila hii yapita fadhila ya vipimo vyake.

Na vipimo vyake vilikuwa hivi. Duara ya upeo wa macho iligawanywa sehemu 32, nazo ziliitwa kwa majina ya nyota, matlai yake na maghibu yake: Jahi ndiyo kaskazini, kisha Farkadi, kisha Naashi, na nyinginezo, na katika hizo imo Thuraya, ambayo sisi twaiita Kilimia. Kimo cha nyota kilipimwa kwa vidole, kila kidole kikiwa kama daraja moja na dakika 37. Chombo kishukapo kusini Jahi huzama, isionekane tena. Hapo malimu hupima kwa Farkadi, kisha kwa Naashi.

Kwa hiyo mtu wa Loliondo asiitafute Jahi, kwani nchi hiyo iko daraja 2 kusini ya istiwai. Na aziangalie nyota saba za Naashi. Mbili za mbele, zilizo ukingoni mwa jeneza, zikisimama wima, moja juu ya mwenziwe, mstari wake huangukia kaskazini hasa. Hayo huwa mwisho wa Aprili baina ya saa tatu na saa nne usiku, na mwisho wa Mei baada ya saa moja. Akisha kuijua kaskazini, anyoshe mkono, akunje ngumi. Upana wa ngumi moja kuumeni ni kama daraja 10, na hapo ndipo kibla.

Asidhani mtu kuwa mambo haya ni kupiga falaki, kama wafanyavyo waganga wa kutazamia arusi na safari. Hayo ni haramu, na haya ni katika neema tuliyokumbushwa katika Suratil Anaam, aya ya 97, ya nyota kuwa uwongozi katika giza la bara na la bahari. Bara imetajwa humo kabla ya bahari. Wamasai nao wana sehemu yao: Hollis aliandika mwaka 1905 kwamba Kilimia wao hukiita Ngokwa, na kikipotea machweoni hujua kuwa mvua kubwa zimekwisha. Wazee wetu walikipa jina hilo kwa sababu ya kulima.

Limebaki neno moja lililomchafulia mtu huyu jina. Husemwa kwamba yeye ndiye aliyempeleka Vasco da Gama kutoka Malindi hatta Kalikuti, katika Aprili na Mei za mwaka 1498, na kwamba alikuwa amelewa. Asili ya habari hii ni Kutbuddin Nahrawali wa Makka, aliyezaliwa mwaka 1511, yaani baada ya safari ile kwa miaka 13. Naye hakutaja aliyemsimulia. Ipime kwa mizani ya watu wa hadithi: sanadi imekatika. Wareno wenyewe, ambao ndio wenye safari, Barros akiwamo, walimtaja rubani Mwislamu wa Gujarati. Gabriel Ferrand wa Ufaransa, aliyevifufua vitabu vya Ibn Majid katika miaka ya 1920, aliikubali habari ya Nahrawali, na kwa ajili yake ikaenea; wataalamu waliokuja baadaye, kama Tibbetts, waliona kuwa haisimami. Mabaharia hawakumsahau: Burton alisikia Adeni, mwaka 1854, kwamba wakimsomea Fatiha wakitweka. Walimdhania kuwa ndiye aliyevumbua dira, na hilo si kweli, dira ilikuwako kabla yake. Lakini Fatiha haikupotea.

Na masika yakizifunika nyota, liko jua. Tarehe 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana, na tarehe 16 Julai, saa sita na dakika 27, kwa saa zetu za Afrika Mashariki, jua huwa juu ya Alkaaba. Simamisha kijiti kilichonyoka. Kivuli chake kitakuwa kimeipa Alkaaba mgongo. Kiwekee alama ya mawe, ikutoshe mwaka mzima.