Tovuti Nyingi, Mfumo Mmoja: Jinsi Rekodi Zinavyosasishwa

Mzazi anayetafuta fomu ya basari anataka jambo moja tu: anwani aliyopewa ifunguke. Nyuma ya anwani hiyo kuna rekodi. Rekodi ikikosewa, fomu ipo lakini haionekani.

Taasisi yenye idara nyingi inaweza kuendesha tovuti zake zote katika mfumo mmoja. WordPress, kwa mfano, ina uwezo huo tangu toleo la 3.0 la mwaka 2010. Kila tovuti ina nambari na mstari wake katika jedwali moja. Mstari huo hubeba anwani, tarehe ya kusajiliwa na alama zinazoonyesha iwapo tovuti iko wazi, imesitishwa au imefutwa.

Tovuti 3 hurekebishwa kwa mkono. Zikifika 40, programu fupi hufanya kazi hiyo, kwa utaratibu huu:

1. Nakala ya hifadhidata yote huwekwa kando kwanza.

2. Tovuti huorodheshwa kwa nambari zake, kwa kuwa majina hufanana.

3. Amri ya mfumo wenyewe, wp_update_site, hutumika. Ilikuja na toleo la 5.1 mwaka 2019. Hukagua kama anwani mpya tayari ina tovuti nyingine, kisha husafisha kumbukumbu ya muda. Fundi anayeandika moja kwa moja kwenye jedwali hukosa ulinzi huo.

4. Anwani mbili zilizo ndani ya mipangilio ya kila tovuti, siteurl na home, hubadilishwa pia, kwa sababu amri hiyo haizigusi. Zikisahaulika, mkazi huendelea kupelekwa kwenye anwani ya zamani.

5. Programu hujaribiwa kwa tovuti moja kabla ya zote. Mfumo ukirudisha ujumbe wa kosa, kazi husimama hapo.

Tovuti iliyowekewa alama ya kusitishwa kimakosa haipotezi kurasa zake. Alama ikiondolewa, hurudi. Ila mwisho wa kupokea maombi haumngoji fundi.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Hivyo, mkazi akikuta ukurasa umefungwa, anashauriwa kunakili anwani nzima na saa aliyoifungua, kisha kuijulisha idara husika. Kwa anwani hiyo, fundi huipata rekodi yenye kosa kwa haraka.