Baiskeli, Milima ya Kilosa na Fadhila ya Nguvu



Kijana mwenzangu, leo tujifunze kuhusu fadhila ya nguvu, mojawapo ya zile fadhila nne kuu: busara, haki, nguvu na kiasi. Sitaanzia vitabuni, ingawa miaka yangu ya falsafa nimeimaliza nikiwa navyo mkononi. Naanzia juu ya baiskeli, kwenye njia ya changarawe kati ya Mikumi na Kilosa, mahali ambapo mimi mwenyewe nilishindwa.

Siku niliyochelewa

Nilikuwa kwenye mwaka wa kichungaji, parokia ya upande wa Mikumi. Kutoka mji wa Mikumi unaiacha barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, unashika njia ya kaskazini kuelekea Kilosa, na katikati unakipita kijiji kinachoitwa Ulaya. Ndiyo, Ulaya! Vijana wa huko hutania kwamba wao wamezaliwa Ulaya na hawajawahi kuona theluji. Upande wa magharibi milima ya Rubeho imesimama kama ukuta, na njia za kwenda vigangoni zinapanda huko: mawe, vumbi, kona, mlima juu ya mlima.

Jumamosi moja nilitakiwa kufundisha semina ya VIWAWA kwenye kigango kimojawapo cha milimani, saa nne asubuhi. Tuliondoka saa kumi na mbili mimi na katekista, mzee wa zaidi ya miaka sitini, ambaye wote tunamwita Mwalimu. Mimi nilikuwa na baiskeli ya gia niliyoazima. Yeye alikuwa na ile yake nyeusi, nzito, isiyo na gia hata moja, na nyuma kwenye keria amefunga mfuko wa vitabu vya watoto wa Komunyo ya Kwanza.

Kila tulipofika chini ya mlima, Mwalimu alishuka, akasukuma taratibu. Akifika juu anakunywa maji mafumba mawili, anapanda, anaendelea. Mimi nikasema moyoni, mzee amechoka huyu. Mlima wa kwanza nikaupanda kwa kasi. Wa pili vivyo hivyo.

"Mwalimu, nakutangulia!"

"Haya, Frateri, tangulia. Mlima hauna haraka."

Basi bwana, mlima wa tatu ukanikuta nimeshaishiwa pumzi. Mwendo ulipokata kabisa, nikasimama juu ya pedeli kwa uzito wangu wote, na hapo hapo nikabadilisha gia. Nikasikia *kah!* Cheni imekatika. Sikuwa na kifaa chochote. Nilikuwa na vitabu viwili vya falsafa begani.

Mwalimu alinikuta nimekaa kwenye jiwe. Hakunicheka wala hakunigombeza. Alisema tu, "Pole, Frateri. Tusukume." Tulisukuma mpaka tukampata fundi, akaiunga cheni. Miguu yangu lakini haikuungika. Tukafika kigangoni saa tisa alasiri.

Vijana walishatawanyika. Mama mwenyekiti wa kigango alitupokea vizuri, akatupa maji, kisha akaniambia, "Frateri, kuna binti mmoja alikusubiri sana. Alisema ana jambo la kukuuliza wewe mwenyewe. Ameondoka saa nane."

Wiki iliyofuata nilirudi na kumuulizia. Alikuwa ameshapanda basi kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi za ndani. Swali lake sikulisikia, na mpaka leo ninapomwombea namwombea bila kulijua.

Tendo kuu la nguvu ni lipi?

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, anauliza swali ambalo lilikuja kwenye mtihani wangu: tendo kuu la fadhila ya nguvu ni kushambulia au ni kuvumilia? Sisi vijana tungejibu haraka: kushambulia! Yeye anasema ni kuvumilia, na anatoa sababu tatu.

Kwanza, anayeshambulia mara nyingi anajiona ana nguvu kuliko anachokishambulia, ila anayevumilia anakabili kitu kinachoonekana kumzidi. Pili, anayeshambulia hatari anaiona bado iko mbele, ila anayevumilia hatari iko naye tayari, inamuuma sasa hivi. Tatu, kushambulia kunaweza kuwa jambo la ghafla, la dakika moja, wakati kuvumilia kunadai muda mrefu.

Mtihanini nilijibu hayo yote nikafaulu. Mlimani nikafeli. Aliyekuwa akiishi jibu la Mtakatifu Thoma ni Mwalimu, na sidhani kama amewahi kuishika Summa.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1808, inatufundisha kwamba fadhila hii hutupa uthabiti katika magumu na udumifu katika kutafuta mema. Ona hilo neno: mema. Anayevumilia ili asifiwe tu bado hajaifikia fadhila. Mimi siku ile nilitaka Mwalimu aone ninavyopanda. Yeye alitaka vitabu viwafikie watoto.

Masomo matatu ya njiani

*1. Badilisha gia kabla ya mlima.* Fundi alinieleza: cheni ikiwa imevutwa kwa nguvu zote ndipo inapokuwa rahisi kukatika ukibadilisha gia. Weka gia nyepesi ukiwa bado tambarare. Na roho ni hivyo hivyo. Usingoje kishawishi kikukamate usiku wa manane, simu mkononi, ndo uanze kuamua kama utasali. Uamuzi huo ufanye asubuhi, ukiwa na akili tulivu. Hiyo ni busara ikiisaidia nguvu.

*2. Kushuka na kusukuma si aibu.* Soma 1 Wafalme 19:3-8. Eliya, nabii mkubwa, alichoka mpaka akaomba afe. Mungu hakumkaripia. Alimtumia malaika na mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena, ndipo akatembea siku arobaini mpaka mlima wa Mungu. Kwenda kuungama ni kushuka kwenye baiskeli. Kumwambia mtu mzima unayemwamini kwamba "nimechoka" ni kushuka. Safari inaendelea, ila kwa miguu.

*3. Mteremko una hatari zake.* Kwenye changarawe ukishuka kwa kasi na ukakamata breki ya mbele ghafla, tairi linateleza na wewe unaiona mbingu. Breki zikamatwe mapema, kidogo kidogo, zote mbili, na macho yatazame njia unayotaka kupita, siyo shimo unaloliogopa. Wengi wetu tunasali sana wakati wa mitihani na msiba, kisha mambo yakinyooka tunaachia breki. Chunga siku zako nzuri.

Waliopita kabla yetu

Eneo hili limezoea watu wa safari. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda bara ilipita bonde la mto Mkondoa, huko Kilosa: wapagazi wenye pembe za ndovu vichwani, na watumwa waliofungwa minyororo. Hawa hawakuchagua mlima wao. Mwaka 1868 wamisionari wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo, na miongoni mwa Wakristo wa kwanza pale walikuwa watumwa waliokombolewa. Imani tunayojivunia vijana wa leo ilipokelewa kwanza na watu waliojua kuvumilia ni nini.

Na Mikumi kwenyewe hospitali ina jina la Mtakatifu Kizito, mdogo kuliko wote kati ya mashahidi wa Uganda. Alipochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886 alikuwa kijana wa miaka kama 14 tu. Hakushambulia mtu. Alivumilia.

Hata waendesha baiskeli wana mfano wao. Gino Bartali wa Italia alishinda Tour de France mwaka 1938, na akashinda tena 1948. Katikati ya ushindi huo kulikuwa na vita. Bartali, Mkatoliki wa Karmeli ya walei, alipita njia za vilima kutoka Firenze mpaka Assisi, mji wa Mtakatifu Fransisko ulio juu ya kilima, akiwa ameficha ndani ya baiskeli karatasi za kuwaokoa Wayahudi. Alisita kujisifia hilo maisha yake yote. Mwaka 2013, miaka 13 baada ya kifo chake, Yad Vashem ya Yerusalemu ilimtambua kuwa Mwenye Haki Kati ya Mataifa. Miguu ile ile iliyomletea vikombe ndiyo iliyobeba uhai wa wengine.

Kwa hiyo, mwenzangu, unapopanda mlima wako, uwe wa masomo, wa usafi wa moyo, wa kumuuguza mzazi au wa kutafuta kazi, kumbuka kuna mtu anakusubiri juu. Pengine humjui. Panda kwa namna ambayo utafika.

Jiulize

- Mlima wangu wa sasa ni upi, na naupanda ili nionekane au ili nifike?
- Ni uamuzi gani natakiwa kuufanya sasa, nikiwa bado tambarare?
- Nani ananisubiri, na nimemchelewesha kwa nini?

Tusali

Bwana Yesu, uliyeanguka njiani ukiubeba msalaba na ukainuka, utupe fadhila ya nguvu. Utuondolee haraka ya kutaka kuonekana. Utufundishe kushuka bila aibu na kuendelea bila kukata tamaa. Uwalinde vijana wote walioondoka kabla hatujawasikiliza, uwatumie mtu atakayewasikiliza. Mtakatifu Kizito, utuombee. Amina.