Tone la Damu Kisiginoni: Selimundu na Saratani ya Damu

Mtoto wa miezi minane anaamka viganja vimevimba, nyayo zimevimba, ukimgusa analia. Hakuanguka wala hakuumwa na mdudu. Pale Mbagala au Tandale, Dar es Salaam, atachuliwa kwa mafuta, na hakosekani jirani wa kusema mtoto kachezewa. Baada ya siku kadhaa uvimbe unaweza kuisha wenyewe, na hapo kila aliyetoa dawa hujiona mganga. Mara nyingi hivyo ndivyo selimundu, yaani sikoseli, inavyobisha hodi.

Chembe nyekundu za damu za mtoto huyu hujikunja kama mundu, zikaziba mishipa midogo. Pasipopita damu ndipo panapouma. Tena chembe hizo hufa mapema, ndiyo maana damu hupungua na macho huwa ya manjano. Miezi ya mwanzo mtoto hulindwa na himoglobini aliyotoka nayo tumboni. Ikishapungua, dalili huanza.

Mwaka 2004 Profesa Julie Makani, daktari bingwa wa magonjwa ya damu, na wenzake pale Hospitali ya Taifa ya Muhimbili walianza kuandikisha wagonjwa wa selimundu na kuwafuatilia mwaka hadi mwaka. Kazi ya namna hii haina kishindo: ni kupima damu, kujaza faili, kumtafuta aliyekosa kliniki. Lakini ndiyo iliyotupa majibu yetu wenyewe badala ya kuazima ya Ulaya na Marekani. Kwa mfano, wagonjwa waliokuja kliniki walikutwa na malaria kwa nadra. Kwa waliolazwa, hasa walioishiwa damu sana, malaria ilionekana zaidi, nayo ilikuwa ya hatari. Kwa hiyo chandarua kwa mtoto huyu si hiari.

Wengi walikuwa wakifa kabla hata ugonjwa haujatajwa. Hivyo kati ya 2015 na 2016 watoto wachanga 3,981 walipimwa Muhimbili na hospitali ya Temeke. Nesi hufuta kisigino, hukichoma kidogo, huliacha tone lidondokee kwenye karatasi maalumu na kuliacha likauke. Mtoto hulia kidogo, akapewa ziwa, basi. Waligunduliwa 31 wenye selimundu, na wengine 505 waliobeba kinasaba kimoja tu. Hawa 505 si wagonjwa. Lakini mbebaji akizaa na mbebaji mwenzake, kila mimba ina uwezekano wa robo wa kupata mtoto mgonjwa. Baba anayesema ugonjwa umetoka ukweni ajue kwamba kinasaba kimoja kimetoka kwake.

Si kila hospitali humpima kila mtoto anayezaliwa, basi usingoje kuitwa. Uliza kliniki ya mama na mtoto, hasa kama kwenu kuna ndugu mwenye selimundu au aliyefariki mdogo kwa “kuishiwa damu”.

Aliyegundulika mapema hupewa penisilini ya kunywa hadi miaka mitano, foliki asidi, kinga ya malaria na chanjo zote. Ipo pia dawa iitwayo haidroksiyurea. Utafiti uliofanyika Kilifi nchini Kenya, Uganda, Kongo na Angola, uliotangazwa mwishoni mwa 2018, ulionyesha kuwa inapunguza maumivu, malaria na vifo. Hutolewa kwa usimamizi wa daktari, maana damu lazima ipimwe mara kwa mara. Mama afundishwe kupapasa bandama, upande wa kushoto chini ya mbavu. Likivimba ghafla na mtoto akapauka, tafuta usafiri saa hiyo hiyo, bodaboda au Bajaji. Homa nayo haingojei asubuhi. Ukifika, taja selimundu pale mapokezi kabla ya kukaa kwenye foleni.

Saratani ya damu, au lukemia, ni jambo jingine kabisa, ingawa nayo huleta homa, weupe wa viganja na maumivu ya mifupa. Hapa chembe changa za damu huzaliana ovyo ndani ya uboho na kuzisonga zile nzima. Haiambukizi, na kwa kawaida hairithiwi. Mtoto akitokwa damu kwenye fizi, akawa na mabaka ya michubuko bila kugongwa, au homa ikarudi kila dozi inapoisha, omba kipimo cha picha kamili ya damu badala ya kununua dozi nyingine duka la dawa. Hospitali ya wilaya au ya mkoa, kama Mwananyamala au Temeke, inaweza kuanza na kipimo hicho na kumwandikia rufaa ya Muhimbili, kwenye wodi ya saratani za watoto.