Pesa ya Mjomba na Mtego wa Wakala wa Viza

Mtego unaowanasa vijana wanaoomba viza ya kwenda kusoma Uingereza hauko pale wengi wanapoutafuta. Barua ya chuo ipo, pasipoti ipo, kipimo cha kifua kikuu kimefanywa, na hata pesa zipo. Shida ni kwamba zipo kwa mjomba. Huenda ndiye aliyemlea mwombaji baada ya wazazi kufariki, au ndiye mwenye duka na shamba katika ukoo mzima, na hakuna aliyewahi kuona ajabu kwamba karo itatoka kwake. Kanuni za uhamiaji za Uingereza, hata hivyo, hazimjui mjomba. Kwa mwombaji asiyeoa wala kuolewa, akaunti inayohesabiwa ni yake mwenyewe, ya mzazi wake, au ya mlezi mwenye hati za kisheria. Familia ikishasikia hivyo, hofu huingia, na hofu hiyo ndiyo bidhaa ya wakala. Atawaambia kwa upole kwamba karatasi za benki za mjomba hazifai, kisha atawaambia wasijali, zitapikwa nyingine kwa jina la mama. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba familia hiyo haikuwa na sababu yoyote ya kudanganya. Imelipia uongo wakati ukweli ulikuwa unatosha, tena bila malipo.

Tuiangalie kanuni yenyewe, kwa sababu wakala anategemea kwamba hutaisoma. Inadai karo ya mwaka wa kwanza ambayo bado hujailipa, pamoja na gharama za kuishi kwa muda usiozidi miezi 9, na kiwango cha anayesoma London ni cha juu kuliko cha mahali pengine. Fedha hizo zikae benki siku 28 mfululizo bila kupungua hata siku moja, na siku ya mwisho ya hizo 28 isiwe imepitwa na zaidi ya siku 31 unapotuma ombi. Hesabu hufanywa kwa pauni, kwa bei ya siku ya kutuma ombi, kwa hiyo mwenye akaunti ya shilingi lazima aache nafasi ya kupumua. Waliokuwa wakijiandaa mwishoni mwa 2023, shilingi ya Kenya ilipokuwa ikiporomoka, wanajua jinsi kiasi kilichotosha Jumatatu kinavyoweza kupungua Ijumaa bila mtu kutoa hata senti. Fedha za chama zilizo kwa jina la chama hazihesabiki, wala za akaunti ya biashara. Ikiwa akaunti ni ya mzazi, ambatisha cheti cha kuzaliwa na barua yake ya kukubali fedha hizo zitumike.

Sasa tafuta katika masharti hayo mahali panapokataza zawadi. Hapapo. Kinachoulizwa ni fedha ziko kwa jina la nani, zimekaa muda gani, na kama kweli zitapatikana kwa masomo. Mjomba anaweza kuzihamishia akaunti ya mwanafunzi, akaandika barua fupi iliyotiwa saini kueleza kwamba ni msaada wa masomo na hazidai, na kuanzia siku hiyo siku 28 zinaanza kuhesabiwa. Najua pingamizi la mjomba, na si la kipuuzi: kijana wa miaka 19 akiwekewa mamilioni kwenye akaunti, nani anajua kitakachotokea wiki ya pili? Basi fedha ziende kwa dadake, mamake mwombaji. Yatima hana njia hiyo. Amri ya ulezi hutolewa na mahakama kwa ajili ya mtoto, na kisheria mtoto ni aliye chini ya miaka 18, hivyo aliyelelewa miaka 10 bila hati yoyote hawezi leo kumgeuza mjombake kuwa mlezi. Kwake imebaki akaunti yake mwenyewe, au kulipa sehemu kubwa ya karo moja kwa moja chuoni, kwa kuwa kiasi kilichokwisha kulipwa na kurekodiwa na chuo hupunguzwa kwenye hesabu. Hiyo ya pili ndiyo ningemshauri hata mwenye wazazi wote wawili. Malipo yanayopita mikononi mwa mtu wa tatu, hata akiwa na mhuri wa serikali, yana historia mbaya: wazazi wa Uasin Gishu walilipa kupitia mpango wa kaunti wa kupeleka wanafunzi Finland na Kanada, na kufikia 2023 vyuo vilikuwa vinadai karo ambayo wazazi walisema walishaitoa zamani. Maafisa walifikishwa mahakamani mwaka huo, wakakana mashtaka. Wanafunzi ndio waliobaki na madeni ugenini.

Turudi kwa karatasi za benki zilizopikwa. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza huwasiliana na benki kuthibitisha, na akaunti isiyokuwepo haichukui muda kugundulika. Ombi linaweza kukataliwa kwa sababu ya hati bandia hata kama mwombaji hakujua kwamba ni bandia. Hapo ndipo uongo wa wakala unapokuwa wako: fomu ina jina lako, picha yako na alama za vidole vyako, na tamko la mwisho linasema kwamba yote ni kweli. Adhabu ya pili ni kali zaidi, yaani kuzuiwa kwa miaka 10 kwa kutumia udanganyifu, lakini ina tofauti ambayo lazima uifahamu. Marufuku hiyo inahusu aliyedanganya, na ni afisa anayepaswa kuonyesha kwamba udanganyifu ulikuwepo. Mahakama ya Rufani ya Uingereza, katika kesi ya AA (Nigeria) ya mwaka 2010, ilishasema kwamba kauli yenye kosa tu haitoshi kuitwa ya uongo, lazima kuwe na hila. Kwa hiyo ikiwa hukujua, usinyamaze kwa aibu. Omba mapitio ya kiutawala ndani ya siku 28 kwa ada ya pauni 80, na siku hiyohiyo uiandikie wizara kuomba nakala ya kumbukumbu zako zote, haki ambayo sheria yao ya kulinda data inakupa bure hata ukiwa Kakamega. Faili hilo ndilo litakaloonyesha ni karatasi gani zilitumwa kwa jina lako.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya vitabuni, kwamba wenzao walipikiwa karatasi na leo wako Manchester wanatuma picha. Siwezi kubisha kwamba wapo waliopita. Lakini ombi halichomwi baada ya viza kutoka. Linarejelewa mtu anapoongeza muda, anapobadilisha aina ya viza, anapomwombea mke au mume, na tena anapotaka ukaazi wa kudumu. Wala kukimbilia kwingine hakusaidii, kwa kuwa Uingereza, Marekani, Kanada, Australia na New Zealand hubadilishana taarifa za alama za vidole, na fomu za nchi nyingi kati ya hizo zinauliza kama uliwahi kukataliwa viza popote. Wengine watasema wakala ni wa lazima kwa mzazi asiyejua kompyuta. Usaidizi si kosa. Kosa ni wakala kufungua barua pepe mpya kwa jina lako na kukaa na nywila, asikuonyeshe fomu kabla ya kuituma, na alipe kwa kadi yake. Angalia hiyo ya mwisho vizuri. Ada ya huduma za afya, ambayo ni pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, hurudishwa ombi likikataliwa, lakini hurudi kwenye kadi iliyoilipa. Mara ngapi mzazi ameambiwa kwamba "kila kitu kimeliwa na Waingereza" ilhali sehemu nono imerudi kwenye akaunti ya wakala? Na yule anayedai ana mtu wake wa ndani kwenye kituo cha kupokea maombi Nairobi anakudanganya mchana kweupe: wafanyakazi wa kituo hupokea karatasi na alama za vidole, hawaamui lolote.

Kuna uongo mwingine unaouzwa kwa wenye ndoa. Tangu tarehe 1 Januari 2024, wanafunzi wengi wa Uingereza hawaruhusiwi kuandamana na mke, mume au watoto. Waliobaki na ruhusa ni wa shahada za juu za utafiti, na wanaofadhiliwa na serikali. Mawakala hawakuacha kuuza safari za familia. Walibadilisha maelekezo tu: andika kwamba hujaoa, ufike kwanza, mengine baadaye. Hii "baadaye" ndiyo inayovunja nyumba. Anayejiandika hana mke mwaka huu, kisha baada ya kupata kazi aombe viza ya mke aliyefunga naye ndoa zamani, ameweka mbele ya afisa fomu mbili zinazopingana, zote kwa saini yake. Kuwa na mke hakukuzuii kusoma. Kilichozuiwa ni kwenda naye, na hayo ni mambo mawili tofauti. Waliooana kimila wafanye jambo moja zaidi kabla mtu hajapanda ndege: waisajili ndoa, kama Sheria ya Ndoa ya 2014 inavyotaka, ili siku ya kuombea viza ya mwenza kuwe na cheti mkononi.

Viza ya mwenza nayo ina mlango wake wa pesa. Aliyeko Uingereza, akiwa raia au mwenye ukaazi wa kudumu, aonyeshe mapato ya pauni 29,000 kwa mwaka, kiwango kilichopandishwa Aprili 2024 kutoka pauni 18,600, au akiba ya pauni 88,500 iliyokaa miezi 6 ikiwa hana mapato yanayohesabiwa. Mshahara wa aliyebaki Kenya hauhesabiwi, hata awe daktari bingwa. Juu yake kuna ada ya afya ya pauni 1,035 kwa mwaka, jumla 3,105 kwa kipindi cha kwanza. Ni hapa mjomba anapojitokeza tena, safari hii akiwa na nafasi ambayo mawakala hawaitaji. Februari 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya MM (Lebanon), ilikubali kiwango cha mapato kwa jumla lakini ikasema kanuni hazikuwajali watoto ipasavyo na zilikuwa ngumu mno kuhusu vyanzo vingine vya fedha. Tangu Agosti mwaka huo, pale ambapo kukataa viza kungeleta madhara makubwa mno kwa familia, afisa anapaswa kutazama msaada wa kuaminika wa mtu mwingine. Si jambo jepesi kulithibitisha. Lakini akikataa bila kulitazama, familia ina haki ya rufaa mbele ya jaji ndani ya siku 28.

Kwa upande wetu wa nyumbani, wakala hayuko juu ya sheria kama anavyojionyesha. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 imeipa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kazi ya kutoa leseni kwa mawakala wanaosajili wanafunzi. Dai kuiona leseni hiyo kabla ya kutoa hata shilingi, kisha uiulize tume yenyewe, maana anayepika karatasi za benki hashindwi kupika leseni. Aliyekwisha kuliwa, ikiwa deni halizidi shilingi milioni 1, aende Mahakama ya Madai Madogo, ambako wakili si lazima na kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Kujipatia pesa kwa njia ya udanganyifu ni kosa la jinai, lakini kabla ya kwenda polisi kumbuka kwamba kutumia hati bandia kwa kujua nako ni kosa la jinai, na wakala atakukumbusha hilo haraka kuliko afisa yeyote. Ndiyo sababu wengi hunyamaza, na ndiyo sababu ofisi hizi hufungwa ghorofa ya tatu na kufunguliwa ya tano wiki ileile. Tume iliyopewa kazi ya kutoa leseni isingesubiri malalamiko kutoka kwa watu wanaoogopa kulalamika.

Uingereza nayo haiwezi kunawa mikono. Ofisi yake inayosimamia washauri wa uhamiaji ina meno ndani ya Uingereza tu. Ushauri unaouzwa Nairobi au Mombasa hauihusu. Itajitetea kwamba kila nchi ina haki ya kujihakikishia kwamba mgeni ataweza kujilipia, na hilo halina ubishi. Ubishi wangu ni kuhusu kipimo. Aliyewekewa pesa na rafiki tajiri kwa siku 28 kisha zikarudi kwa mwenyewe anaweza kupita, ingawa hana chochote. Mjomba anayeweka karatasi zake za miaka mitano mezani hapiti. Kipimo cha namna hiyo kinapima jina lililo juu ya akaunti na kuuita huo ni uwezo. Kwenye njia ya mwenza kanuni ililegezwa kwa sababu watu waliifikisha mbele ya majaji. Mwanafunzi aliyekataliwa hana rufaa. Mapitio yake hufanywa na wizara ileile iliyomkataa, na yanaangalia kama kanuni ilifuatwa, hayaulizi kama kanuni ina haki. Kilichobaki ni kuishtaki wizara katika mahakama za kwao, kwa gharama ambayo mtu akiwa nayo kwenye akaunti yake hangekataliwa viza kwa kukosa fedha.