KIANGAZI CHA JIRANI SI KIANGAZI CHAKO



Somo letu la safari hii limetokana na kosa tulilolifanya sisi wenyewe. Katika semina moja ya wajumbe wa mashamba ya chai tulileta mfano wa kifungu cha mkataba, tukiwataka wajumbe wakichukue na kukipeleka kwenye matawi yao. Kifungu kilisema kwamba katika miezi ya kiangazi, yaani Januari, Februari na Machi, mchumaji alipwe angalau kima cha chini cha siku, hata kama majani aliyochuma ni machache mno kwenye mizani. Wajumbe wa Kericho walikipokea kwa makofi. Lakini mama mmoja, mchumaji kutoka Mufindi, Nyanda za Juu za Kusini za Tanzania, alisimama akasema: "Ndugu zangu, kwetu Januari ndiyo miezi ya kujaza vikapu. Sisi tunaumia Agosti mpaka Novemba."

Wengine walicheka wakidhani amechanganya tarehe. Hakuchanganya. Kama matawi ya kusini yangetia sahihi kifungu kile kama tulivyokiandika, wachumaji wake wangelindwa katika miezi ya neema na kuachwa bila kinga katika miezi ya dhiki. Hatuna budi basi kujifunza kwa nini nchi zilizopakana, tena wakati mwingine wilaya zilizopakana, hazikauki kwa wakati mmoja.

MANENO MATATU TUSIYACHANGANYE

Kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo mezani kwa mwajiri mara nyingi huitwa kwa jina moja.

Kiangazi ni majira ya ukavu yanayojulikana. Huja kila mwaka, na kila mzee wa mahali anaweza kukutajia miezi yake.

Pengo la mvua ni siku au majuma ya ukavu yanayoingia katikati ya masika au vuli. Jumla ya mvua ya mwaka yaweza kuwa nzuri, lakini mahindi yakaungua kwa sababu mvua ilikatika wakati yanatoa mbelewele.

Ukame ni pale mvua inapopungua sana kuliko kawaida ya mahali hapo. Kawaida hiyo wataalamu wa hali ya hewa huihesabu kwa kuchukua wastani wa miaka 30. Kwa hiyo mvua ya milimita 600 kwa mwaka ni ya kutosha kwa desturi ya Dodoma, lakini Kericho ingekuwa msiba mkubwa.

Tofauti hii ina maana kubwa kwetu. Kiangazi hakiwezi kuitwa dharura. Mwajiri anayejua kwamba kila mwaka kisima cha kambi hukauka mwezi wa Septemba hawezi kusema Septemba ikifika kwamba ameshtukizwa.

MVUA HULIFUATA JUA

Vitabu vya shule vilivyotoka Ulaya vilifundisha kwamba Juni hadi Agosti ni majira ya joto. Kwa mtu wa pwani yetu miezi hiyo ni ya kipupwe, na joto kali ni la Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi. Majira yetu yanaongozwa zaidi na mvua kuliko joto, na mvua inaongozwa na jua.

Mahali jua linapopiga utosini hewa hupata joto na kupanda juu. Ikipanda hupoa, na unyevu wake hugeuka mawingu na mvua. Hivyo unatokea ukanda wa mvua unaoizunguka dunia, nao hulifuata jua, ukichelewa nyuma yake kwa majuma kadhaa. Mwezi wa Desemba jua huwa limekwenda kusini, na mwezi wa Juni huwa limekwenda kaskazini. Karibu na Ikweta hupita mara mbili, Machi na Septemba. Ndiyo sababu sehemu kubwa ya Kenya, kusini ya Uganda na kaskazini ya Tanzania hupata masika kati ya Machi na Mei, na vuli kati ya Oktoba na Desemba, na kwa hiyo huwa na viangazi viwili.

Ukienda kusini hadi Dodoma, Iringa, Mbeya, Songea na Mtwara, misimu hiyo miwili huungana na kuwa mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo mbingu hufungwa kwa nusu mwaka. Ukienda kaskazini, Gulu kwa mfano, nako msimu ni mmoja, lakini umegeuka: mvua ni Aprili hadi Oktoba, na ukavu mkali ni Desemba hadi Machi. Kwa hiyo mtu wa Gulu na mtu wa Songea, kila mmoja ana kiangazi kimoja kirefu, lakini mmoja anapopanda mwenzake anatazama vumbi.

MILIMA, ZIWA NA BAHARI

Jua peke yake halimalizi hesabu. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi ukikutana na milima ya Usambara hulazimika kupanda, ukapoa na kumwaga maji upande ule unaoelekea bahari. Amani hupata karibu milimita 1,900 kwa mwaka, na chai inamea. Upande wa nyuma ya milima upepo hufika umekwisha kumwaga mzigo wake. Same, nyuma ya Usambara na Pare, hupata chini ya milimita 600. Katika mkoa mmoja wa Tanga, mchuma chai juu mlimani hutembea na koti la mvua, na mkata mkonge tambarare hutembea na chupa ya maji.

Ziwa Victoria nalo hutengeneza mvua yake. Unyevu wa ziwa hupanda kwenye nyanda za Kericho, ukaleta ngurumo za alasiri na mara nyingi mvua ya mawe inayochana majani. Huko hakuna mwezi ulio mkavu kabisa, ila Desemba hadi Machi ndiyo miezi ya upungufu. Lakini ukivuka Bonde la Ufa kwenda mashariki, Limuru, mwezi wa Julai utakuta mbingu nzito ya mawingu, baridi, na mvua kidogo mno. Tunasema dalili ya mvua ni mawingu; Limuru mwezi wa Julai mawingu hayo ni dalili ya baridi tu, na chai hukua polepole kwa sababu ya baridi hiyo.

Kwa majirani wa magharibi, Rwanda na Burundi zina kiangazi kirefu cha Juni hadi Septemba na kifupi cha Januari na Februari. Wanyarwanda wana jina kwa kila kimoja: impeshyi kile kirefu, urugaryi kile kifupi. Kongo ni kubwa kiasi cha kuwa na majira yote. Kisangani, karibu na Ikweta, hunyeshewa kila mwezi. Lubumbashi na Kolwezi hukaa karibu bila tone kuanzia Mei hadi Septemba. Usiku wa Juni na Julai huko ni wa baridi kali, na joto huja Septemba na Oktoba, kabla ya mvua kurudi. Kwa ndugu zetu wa migodini miezi hiyo ni ya vumbi, na vumbi ni suala la mapafu.

Hata kusi letu lina sura mbili. Upepo huo wa kusini ukivuka Ikweta hugeuka na kuvuma hadi Uarabuni. Miezi ya Juni hadi Septemba huleta manyunyu na ukungu katika milima ya Salalah, kusini ya Oman, na nchi hugeuka kijani. Wakati huo huo Muscat joto hupita digrii 40.

KIANGAZI CHA NJAA NA KIANGAZI CHA KAZI

Tusidhani pia kwamba kiangazi humwumiza kila mfanyakazi kwa namna moja. Mchai ukikosa maji ardhini hauchipui. Mchumaji anayelipwa kwa kilo hutembea mistari ile ile kwa saa zile zile, na jioni mizani inamwambia kwamba hakufanya kazi. Hasara ya mbingu inaingia mfukoni mwake kabla ya kufika kwenye hesabu za shamba.

Kwenye miwa mambo ni kinyume. Kilombero, kwa mfano, miwa hukatwa wakati wa ukavu, kwa sababu magari hayapiti kwenye tope na sukari katika muwa hupungua mvua ikizidi. Kiwanda husimama wakati wa masika, na kibarua wa msimu hurudi kwao. Mkata miwa, basi, dhiki yake ya mfuko ni ya masika, na dhiki yake ya mwili ni ya kiangazi. Huko Nicaragua na El Salvador wakata miwa wengi, vijana kabisa, wamekufa kwa ugonjwa wa figo, na uchunguzi umeonyesha kwamba kazi nzito juani bila maji ya kutosha ni sehemu ya chanzo chake. Dawa iliyopendekezwa ni maneno matatu: maji, mapumziko, kivuli.

Mkonge nao huvumilia ukavu, lakini korona haivumilii. Mashine hiyo inahitaji maji mengi kuosha singa, na mto ukikauka wakataji husimamishwa wakati majani yamejaa shambani.

KIWANDANI MVUA HUJA KWA WAYA

Mfanyakazi wa kiwanda hudhani habari hizi ni za wakulima. Atazame umeme wake. Mabwawa ya Mtera na Kidatu hutegemea Ruaha Mkuu, na mto huo hujazwa na mvua za Iringa na Mbeya za Desemba hadi Aprili. Kwa hiyo vuli yaweza kunyesha vizuri Dar es Salaam, barabara zikafurika, na bado mashine zikazimwa, kwa sababu mvua ya Mbeya haikuja. Mwezi wa Oktoba 2015 vituo vyote vya umeme wa maji vya Tanzania vilisimamishwa kwa kukosa maji. Kenya ilikuwa na mgawo mkali mwaka 2000, na Uganda mwaka 2006 baada ya Ziwa Victoria kushuka.

Pia ukame wa jirani huenda usiwe wetu. Mwishoni mwa 2023 Bahari ya Pasifiki ilikuwa na joto lisilo la kawaida, hali iitwayo El Niño. Hali hiyo huelekea kuzidisha vuli ya Afrika Mashariki na kupunguza mvua za kusini mwa Afrika. Kenya ilipata mafuriko. Zambia ilipata ukame uliotangazwa kuwa janga la taifa mwezi wa Februari 2024, maji ya Kariba yakapungua, na viwanda vikakosa umeme. Hali ya kinyume chake, La Niña, ilisaidia kuleta ukame wa kaskazini na mashariki ya Kenya, Somalia na kusini ya Ethiopia, ambako misimu mitano mfululizo ilishindwa, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022.

TUFANYE NINI

Kwanza, kila tawi liwe na daftari la mvua. Kipimamvua ni chombo rahisi. Kisomwe kila siku saa 3 asubuhi na kuandikwa. Milimita moja ya mvua ni lita moja katika kila mita moja ya mraba, au lita 10,000 katika hekta moja. Mashamba mengi yana kumbukumbu za miaka mingi. Mjumbe aombe kuziona. Asiyekuwa na daftari atabishana kwa kelele na mwenye daftari.

Pili, kifungu cha mkataba kitaje miezi ya mahali penyewe, au, bora zaidi, kipimo. Kwa mfano: mvua ya majuma manne ikipungua chini ya kiasi walichokubaliana, malipo ya kima cha chini yaanze. Kifungu cha namna hiyo hulinda kiangazi cha Mufindi na cha Kericho bila kutaja mwezi, na hulinda pia pengo la mvua ambalo halimo katika kalenda.

Tatu, maji ya kunywa, kivuli na saa za kazi viandikwe. Oman huzuia kazi za juani kuanzia saa 6:30 hadi saa 9:30 mchana, miezi ya Juni hadi Agosti. Sheria hiyo tusiinakili kwa miezi yake, maana tungerudia kosa letu la semina. Tuchukue kanuni yake, kisha tuweke miezi yetu.

Nne, kwa viwanda, mkataba useme nani atabeba saa za kukaa bila umeme. Mfanyakazi aliyefika getini kwa wakati hakuupunguza mto.

Kile kifungu tulikiandika upya siku ile ile. Yule mama wa Mufindi ndiye aliyetusomea miezi ya kwao, mmoja baada ya mwingine, na sisi tukaandika.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Kiangazi cha mahali pako huanza na kwisha mwezi gani? Waulizeni wazee, kisha mlinganishe na kumbukumbu za shamba.

2. Ni miezi ipi malipo yako hushuka? Je, ni ile ile ya ukavu, au ni ya masika, au ya baridi?

3. Umeme au maji ya kiwanda chenu hutoka mto gani, na mvua ya mto huo hunyesha wapi?

4. Je, kuna kifungu katika mkataba wenu kilichonakiliwa kutoka mahali pengine? Kisomeni tena kwa kalenda yenu.